Damu Iliyojificha Nyuma ya Jicho

Usiku usio na mwezi, mtu asimamaye kilimani Kalemie na kuelekeza uso wake mashariki huona taa za wavuvi wa ndagala, samaki wadogo ambao ng'ambo ya Kigoma huitwa dagaa, zimetapakaa juu ya Ziwa Tanganyika tangu mbele ya mlango wa mto Lukuga hata mwisho wa upeo wa macho. Tuseme kwamba katika chombo kimoja miongoni mwa hivyo, mnamo saa tano ya usiku, mti wa kutandia wavu umemponyoka mtu mikononi ukampiga mwenziwe shavuni, chini kidogo ya jicho la kushoto. Pigo lenyewe si la kutisha: halikuvunja jino wala halikuchana ngozi, na aliyepigwa anakaa kitako, anajinawisha uso kwa maji ya ziwa, anasema si neno, na kazi inaendelea. Baada ya nusu saa kope zake zimevimba na kufumbana. Baada ya saa nzima ana maumivu ya namna asiyoijua, si ya nje mahali pa pigo bali ya ndani, kana kwamba pana kidole nyuma ya jicho kinachosukuma ili litoke; na akizifunua kope kwa vidole, ile taa ambayo jicho la kulia laiona nyeupe, jicho la kushoto laiona kama kaa linalozimika. Wenziwe, kwa huruma, wanamwambia ajilaze, kukicha watampeleka kwa mganga. Kutakucha, watampeleka, na jicho halitaona tena.

Mvuvi huyo nimemtunga, ila msiba wake haukutungwa. Matabibu wa macho wa kila nchi waujua: ni damu inayovuja ndani ya tundu la mfupa, nyuma ya jicho, mahali ambapo hakuna aionaye, na inayoweza kuizima nuru ya jicho zima, lisilo na jeraha lolote, katika muda mfupi kuliko ule wa kupika chungu cha maharagwe. Humpata mwendesha pikipiki aliyeanguka katika changarawe ya njia ya Nyunzu, kijana aliyepigwa ngumi mlangoni pa kilabu cha pombe, mtoto aliyegongwa kwa kiwiko katika kabumbu, na pengine mzee aliyekwenda kwa amani kuondolewa mtoto wa jicho. Nimeamua kuwaandikia habari zake wasomaji wa kawaida, wala si waganga peke yao, kwa sababu maradhi haya ni miongoni mwa yale machache ambayo hukumu yake hutolewa nyumbani kabla ya hospitali: jamaa wa mgonjwa, wanapoafikiana kungoja asubuhi au kutongoja, ndio wanaoamua kama ndugu yao atakuwa na macho mawili au moja, ilhali wenyewe hawana habari kwamba wanaamua.

Jicho la mwanadamu limewekwa ndani ya tundu la mfupa lenye umbo la pia iliyolazwa ubavu, upande wake mpana ukielekea mbele na ncha yake ikielekea ndani ya kichwa. Tundu hilo kwa mtu mzima huchukua takriban mililita 30, yaani kiasi cha vijiko viwili vya kulia. Jicho lenyewe huchukua kiasi cha mililita 7, na nafasi iliyobaki imejazwa mafuta laini, misuli sita igeuzayo jicho huku na huku, mishipa ya damu, na ule mshipa mnene wa fahamu uchukuao habari za mwanga toka jichoni hata ubongoni. Pande zote ni mfupa. Mbele peke yake ndipo palipo wazi, na hapo napo pamefungwa: kope mbili, na utando mgumu ulio ndani yake, zimeshikizwa kwenye mfupa wa pembeni kwa kano zisizovutika, mfano wa turubai lililokazwa kwa kamba juu ya shehena ya lori.

Mshipa wa damu ukipasuka mahali kama hapo, damu haina pa kukimbilia. Mfupa hautanuki. Jicho husogezwa mbele kidogo mpaka likaegemea kope, kope zikakakamaa kwa kushikwa na kano zake, na tangu hapo kila tone linaloongezeka huongeza mgandamizo tu. Mgandamizo wa kawaida wa ndani ya jicho ni baina ya milimita 10 na 21 za zebaki. Katika hali hii hupanda ukapita 40 na kuendelea. Ndani ya jicho, upande wake wa nyuma, pametandazwa utando mwembamba uitwao retina, ambao ndio upokeao sura za vitu, na damu ya kuulisha hupita katika mshipa mdogo kama uzi. Mgandamizo wa nje unapoushinda msukumo wa damu iliyo ndani ya mshipa huo, damu husimama. Vivyo hivyo husimama damu ya kichwa cha ule mshipa wa fahamu, na mshipa wenyewe huvutwa kama kamba ya mtumbwi uliosukumwa mbali na kigingi chake. Jicho halikutobolewa wala halikukatwa. Limekabwa, na kila kilichokabwa kina muda wake wa kustahimili.

Muda huo umepimwa. Mwaka 1980 Sohan Singh Hayreh, tabibu mzaliwa wa Uhindi aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, pamoja na wenziwe wawili, walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa nyani: retina iliyozibiwa mshipa wake ilipona ikiwa damu ilirejeshwa kabla ya dakika 97 hivi kwisha, baada ya hapo madhara yaliongezeka kadiri muda ulivyopita, na zilipofika dakika 240 uharibifu ulikuwa mkubwa na usioponyeka. Kutokana na elimu hiyo matabibu wamejiwekea kipimo cha dakika 90, au kwa kukunjua mkono zaidi, dakika 120. Nisieleweke vibaya: wamekuwapo wagonjwa waliofika wamechelewa sana na wakarudishiwa uoni, kwa kuwa si kila damu huziba kabisa tangu mwanzo, na kwa hiyo aliyechelewa asirudishwe nyumbani kwa hoja kwamba wakati umekwisha pita. Lakini mwenye busara hupanga safari yake kwa dakika 90.

Basi tuichukue hesabu hiyo tuitandaze juu ya ramani ya Kalemie. Mji huu, ulioitwa Albertville zamani za Wabelgiji, nao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika huku Congo, una bandari, una reli iliyofika hapa kutoka Kabalo mwaka 1915, una uwanja wa ndege, na una Hospitali Kuu ya Rufaa. Kigoma iko kiasi cha kilomita 120 juu ya maji. Lubumbashi, yenye chuo kikuu chake cha utabibu, iko zaidi ya kilomita 600 kama anavyoruka ndege, na Kinshasa ni zaidi ya 1,500. Moshi, ambako hospitali ya KCMC imekuwa ikiwafunza matabibu wa macho wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, iko upande wa pili wa Tanzania nzima. Hakuna chombo cha ziwani, wala gari-moshi, wala ndege ya ratiba, kiwezacho kumtoa mtu Kalemie na kumweka mbele ya bingwa wa macho wa mji mwingine katika dakika 90. Mtu aliye Moba au Kabalo yuko mbali zaidi, na mvuvi wetu aliye katikati ya ziwa amekwisha tumia nusu ya mali yake ya wakati kabla hajakanyaga mchanga.

Ziwa hili limewahi kuona macho mabovu yaliyoandikwa katika vitabu. Msafara wa Waingereza Burton na Speke ulipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, Speke alikuwa na maradhi ya macho makali hata hakuweza kuyatazama vizuri maji aliyoyafuata toka pwani. Mwezi uliofuata, akiwa bado hajapona sawasawa, alivuka mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na pwani hii ya magharibi tunayoizungumza, kwenda kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim jahazi la kukodi, na jahazi hakulipata. Lakini maradhi ya Speke yalikuwa ni uvimbe na uwekundu wa macho, wa kwenda na kurudi kwa majuma na miezi, nao ulimwachia nafasi ya kungoja, kupumzika na kupona. Nakitaja kisa chake kwa sababu wengi wetu tungali tunayahesabu maradhi yote ya macho kwa saa ile ya msafara: jicho linauma, tungoje, limevimba, tulikande, juma lijalo tutaona. Kwa mengi katika hayo subira haidhuru sana. Kwa hili, subira ndiyo inayopofusha.

Kwa hiyo lililo wajibu wa kwanza ni kuitambua damu hii na kuitenga na nyingine. Watu huogopa sana wanapoona weupe wa jicho umegeuka mwekundu kama damu ya kuchinja, baada ya kikohozi kikali au kupiga chafya au pigo dogo; ikiwa jicho hilo haliumi, linaona kama kawaida na linageuka pande zote, damu hiyo iko juu juu chini ya ngozi nyembamba ya jicho, nayo itafifia yenyewe baada ya juma moja au mawili. Ile ya kuogopwa ni isiyoonekana. Dalili zake ni hizi: maumivu makali ya ndani yanayozidi badala ya kupungua, aghalabu pamoja na kichefuchefu au kutapika, jicho lililotoka mbele kuliko mwenziwe, jambo linaloonekana vizuri zaidi mtu akisimama nyuma ya mgonjwa aliyeketi na kutazama toka juu ya paji la uso, kope zilizokakamaa hata haziwezi kufunuliwa kwa urahisi, jicho lisilogeuka linapotakiwa kugeuka, au mgonjwa kuona kitu kimoja kuwa viwili, na juu ya yote, uoni unaopungua. Hiyo ya mwisho ndiyo mizani ya zote. Lifunikwe jicho zima kwa kiganja, na lile lililoumia liulizwe: hivi ni vidole vingapi? Baada ya dakika kumi liulizwe tena. Lililohesabu vidole saa nne kamili na saa nne na robo likaona kivuli tu, limekwisha toa ushahidi wake, wala halihitaji shahidi wa pili.

Ikiwa kope zimevimba hata hazifunuki, usimwambie mgonjwa kwamba tutalitazama uvimbe ukishuka. Waganga wenye vyombo vichache wamejifunza kuchukua vibanio viwili vya karatasi, vile vya maofisini, wakavikunja ncha, wakavisafisha barabara, na kuzifunua kope kwa kuzivuta mbele na kuzitenga bila ya kuligandamiza jicho. Hapo muuguzi humulika mboni kwa tochi, akiihamisha nuru toka jicho zima kwenda lililoumia na kurudi: mboni ya jicho zima husinyaa inapomulikwa, na ile ya jicho linalokabwa, badala ya kusinyaa, hutanuka nuru inapoifikia, kwa maana mwanga waingia lakini habari zake haziendi ubongoni. Hicho ni kipimo kisichogharimu hata faranga moja.

Sasa nifike kwenye tiba, nami nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo penye faraja na ndipo penye majuto. Mtu angedhani kwamba damu iliyo nyuma ya jicho, ndani ya mfupa, haitolewi ila kwa upasuaji mkubwa katika chumba chenye mashine. Sivyo. Damu yenyewe aghalabu haitolewi hata kidogo. Kinachofanywa ni kulegeza turubai. Tabibu husafisha ngozi ya pembe ya nje ya jicho, ile inayoelekea sikioni, hudunga hapo dawa ya ganzi, lignokaini iliyochanganywa na adrenalini ili damu isitoke sana, kisha huibana pembe hiyo kwa koleo ndogo ya mishipa kwa muda wa dakika moja hivi. Alama ya koleo ikiisha kubaki, hukata kwa mkasi juu ya alama hiyo, kiasi cha sentimita moja, kuelekea ukingo wa mfupa. Mkato huu wa kwanza ni wa kufungua mlango tu, na wengi wasiozoea huishia hapa wakidhani wamemaliza, jicho likapotea na huku wameridhika. Kazi iko katika mkato wa pili: kope ya chini huvutwa mbele, ncha ya mkasi hutafuta ndani yake ile kano iliyokaza, ambayo ikiguswa huhisika kama uzi wa zeze, nayo hukatwa kwa kuelekea chini. Ikikatika, kope huachia mara moja, ikalegea mbali na jicho. Jicho hupata nafasi ya kusogea mbele, mgandamizo hushuka, na damu iliyosimama huanza kupita tena. Kama haikutosha, tawi la juu la kano hukatwa vilevile.

Vyombo vyake ni sindano, koleo na mkasi. Taa ya mkononi yatosha. Kazi hii haihitaji umeme wala picha ya mashine. Fauka ya hayo, vitabu vya utabibu vinaonya wazi kwamba dalili zikiwa dhahiri mgonjwa asicheleweshwe kwa kungoja picha ya kichwa, kwa kuwa picha itaonyesha kwa uzuri kabisa damu ambayo wakati wa kuitibu umekwisha pita. Wala haihitaji bingwa wa macho. Katika hospitali kuu za rufaa za Congo daktari wa zamu, asiye bingwa wa lolote, huamshwa usiku wa manane akampasua mama aliyeshindwa kujifungua, akaokoa roho mbili, akarudi kulala. Mtu mwenye uwezo huo hawezi kuambiwa kwamba kukata sentimita moja ya ngozi na kano moja ni kazi iliyo juu ya kimo chake. Linalomzuia ni hofu ya jicho, hofu ya heshima kabisa, ambayo walimu wake walimtia walipomwambia kwamba jicho ni la bingwa. Mimi nadhani hofu hiyo yapasa ipunguzwe kwa mafunzo, naye afunzwe kwa mkono wake, hata kwa kichwa cha mbuzi kilichonunuliwa sokoni, kabla ya usiku wa kuitwa. Jeraha likatwalo bure, ikiwa ilidhaniwa tu kuwa pana damu, hupona na kuacha alama ndogo. Jeraha lisilokatwa kwa wakati huacha upofu.

Pamoja na mkasi zipo dawa za kusaidia, asetazolamide na mannitoli za kupunguza maji na mgandamizo, na matone ya timololi. Nazo zitolewe, lakini zisiwe kisingizio cha kuweka mkasi chini. Na lipo sharti moja kubwa: ikiwa jicho lenyewe limepasuka, mboni imechongoka kama tone la machozi, jicho limenywea au linavuja, hapo lisigandamizwe, lisipimwe kwa kidole, lisitiwe matone, lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kikombe kidogo cha plastiki, na mgonjwa apelekwe. Hiyo ni dharura ya namna nyingine.

Si kila mgonjwa wa maradhi haya alipigwa; wengine huyapata kwa sindano ya ganzi. Katika mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna alidhihirisha kwamba kokeini huliondolea jicho hisia, na mwaka huo huo Herman Knapp huko New York aliidunga nyuma ya jicho. Walter Atkinson alipoeleza mwaka 1936 namna ya kuipitisha sindano hiyo kwa taratibu maalumu, ikawa desturi ya dunia nzima, na mpaka leo mamilioni ya watu hupasuliwa mtoto wa jicho wakiwa macho, wanazungumza, bila ya maumivu, kwa baraka za sindano ile. Lakini sindano hupita gizani, na pengine huchoma mshipa. Taarifa za hospitali mbalimbali zimetofautiana, toka chini ya mtu mmoja katika mia hata watatu katika mia, na walio wengi kati ya hao hutulia bila ya kupoteza jicho, maana tabibu yuko papo hapo, huona jicho linakakamaa mbele yake, huahirisha kazi, hulitazama, na ikibidi hukata ile kano. Siku hizi wengi hutumia mrija butu unaoteleza chini ya ngozi ya jicho badala ya sindano kali, na hatari imepungua mno. Nayasema haya kwa hadhari, kwa kuwa sitaki bibi wa Kalemie aliyengoja miaka mitatu ujio wa matabibu wa mtoto wa jicho asikie neno la sindano akabaki na giza lake. Aende. Ila akirudi nyumbani, usiku huo kope zikimkakamaa na maumivu yakazidi, asione haya kuwaamsha wajukuu wamrudishe.

Wako pia watoto wa selimundu, ambao huku Congo kila mtu huwaita watoto wa SS. Chembe zao za damu zilizopinda huziba mishipa midogo ya mfupa, mfupa wa tundu la jicho ukakosa damu, na damu nyingine ikavuja na kukusanyika chini ya utando wa mfupa huo. Mama huamka akamkuta mwanawe kope zimevimba, jicho limetoka, ana homa na analia, ilhali hakuna aliyemgusa. Majirani husema amepigwa. Mganga huweza kudhani ni usaha. Wengi katika watoto hao hupona kwa maji, dawa za maumivu na uangalizi, lakini uoni wao lazima upimwe kila mara, kwa kuwa wachache nao hukabwa kama wale waliopigwa. Mzazi wa mtoto wa SS alitaje jambo hilo mlangoni, kabla hajaulizwa. Vivyo hivyo alitaje jina la dawa yake mtu anywaye warfarini au aspirini kwa ajili ya moyo, kwani damu yake haigandi upesi na pigo dogo kwake si dogo.

Kuna mgonjwa mmoja zaidi, nami siwezi kumpita kimya. Ni mwanamke aliyepigwa nyumbani mwake. Huyu haji hospitali usiku, maana aliyempiga ndiye mwenye mlango na ndiye mwenye nauli. Haji asubuhi, maana ataulizwa. Hujifunika kitenge hata kwenye jicho, akiulizwa husema alijigonga kwenye kizingiti. Anapokuja siku ya nne, uvimbe umeshuka, na huuliza kwa sauti ndogo kwa nini upande ule ni giza. Shangazi, jirani au mwana amwonaye na kitenge kile asimwulize kwanza nani aliyempiga. Amwulize: mama, hivi ni vidole vingapi? Haya ya kupigwa yana mahakama na wazee wake, nayo yaweza kungoja kuche, jicho haliwezi.

Kabla ya hospitali na njiani kwendako, yaliyo mikononi mwa jamaa ni machache lakini yana uzito. Mgonjwa aketi au aegemee, kichwa kikiwa juu, asilazwe chali wala kifudifudi. Jicho lisifungwe kitambaa cha kukaza, kwani kukaza ni kuisaidia damu kukaba. Lisikandwe wala lisisuguliwe. Kitambaa cha maji baridi chaweza kuwekwa kwa wepesi penye uvimbe, bila ya uzito. Asipenge kamasi, maana mfupa wa pembeni mwa pua ni mwembamba kama karatasi na ukiwa umevunjika hewa huingia penye jicho. Asibebe mzigo, asijikamue chooni. Asipewe aspirini. Kuhusu maji ya majani na maziwa ya mama, ambayo bibi zetu hutia jichoni kwa mapenzi ya kweli, siyasemi kwa dharau, lakini damu iko nyuma ya jicho na majani yako mbele yake, na baina yao hakuna njia. Linalopatikana ni muda kupotea, na pengine kidonda juu ya kioo cha jicho. Na saa ya pigo iandikwe, hata kwa kalamu juu ya mkono wa mgonjwa, ili daktari aisome bila ya kubahatisha.

Turudi basi ziwani, kwenye chombo kile kile na usiku ule ule, na safari hii tuseme kwamba mmoja wa wavuvi ameyasikia haya. Mnamo saa tano na nusu anafunika jicho la kulia la mwenziwe kwa kiganja, anainua vidole mbele ya taa, na mwenziwe anasema viwili palipo na vinne. Wavu unaachwa. Injini inawashwa, na kabla ya saa sita wako ufuoni. Pikipiki inawapandisha, mgonjwa katikati, kichwa kimeinuliwa. Daktari wa zamu ana mkasi na koleo katika bahasha iliyochemshwa, na kichupa cha lignokaini. Anakata, anatafuta uzi wa zeze, anakata tena, na kope inaachia. Mgonjwa anakaa akifumba na kufumbua, damu kidogo ikimtiririka shavuni, kisha anauliza kwa nini taa ya chumba imeongezwa. Haikuongezwa. Baada ya siku chache pembe ya jicho lake itashonwa nyuzi mbili au tatu, au itaachwa ijiunge yenyewe, na kabla ya mwaka kwisha kovu litakuwa limeingia katika yale makunyanzi ambayo mtu huyapata pembeni mwa macho kwa kuyakaza dhidi ya jua la ziwa.